Kioo Nilichokipasua Nizwa

Mwanangu alipofiwa na mkewe, binti yao alikuwa na miaka saba, na mimi ndiye niliyemlea hapa Ibra. Mwaka ulipopita nikamwambia baba yake: oa, nataka mjukuu wa kiume kabla sijafa. Akaniambia keshapata mtu, mwalimu wa chuo kikuu Nizwa, ana miaka thelathini na minane.

"Thelathini na minane!" nikamwambia. "Unaoa, au unanitafutia mimi shoga wa kunywa naye kahawa?"

Akacheka. Wazee wa huyo mwalimu ni Waarabu waliorudi kutoka Burundi. Hilo nalo niliweka moyoni. Sisi tuliorudi kutoka Unguja tukikutana na wa bara tunachekeana vizuri tu, lakini kuoana ni jambo jingine.

Nikasema nataka kumuona, tena kazini kwake, asipate nafasi ya kujipamba. Tukashika njia mpaka Bidbid, tukakata kwenda Nizwa.

Alitupokea mlangoni, kavaa koti jeupe juu ya abaya. Akanipa shikamoo, akanibusu kichwani. Kiswahili chake kilinikwaruza masikio, lakini adabu anayo. Wanafunzi wake, wasichana watupu, walikuwa wamezunguka meza wakikata nyama. Si ya kula. Kipande kidogo kimegandishwa ndani ya nta, mashine inakikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vinaelea juu ya maji ya vuguvugu, halafu wanavikinga kwa kioo na kuvitia rangi, ya waridi na ya zambarau. Wasichana walikuwa wakivichana. Yeye alivikinga mara moja tu, havikujikunja. Nimekata vitunguu miaka sitini, mkono kama ule sijauona. Hilo nalo lilinikera.

"Nyama ya nini hii?"

"Hii ya panya, mama. Njoo nikuoneshe kazi yangu mwenyewe."

Akatoa sanduku la mbao limejaa vioo vidogo. Alikuja nalo kutoka Australia, alikosomea. Akasema ni vipande vya kizazi, pale mimba inapokaa, vya kangaruu, mnyama yule anayemlea mtoto ndani ya mfuko wa tumboni. Vingine vinafanana, lakini kimoja hakina cha pili chake. Hicho ndicho alichokiweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti.

"Tazama tu, mama. Hili gurudumu kubwa usilizungushe, kioo kitapasuka."

Nikatazama. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mwenye akili. Mnyama huyu ana vizazi viwili. Mtoto anazaliwa mdogo kama haragwe, anapanda mwenyewe mpaka mfukoni, anashika titi. Wakati huo mimba nyingine imo ndani, changa, haikui wala haifi. Inamngoja yule wa mfukoni aache ziwa. Kazi yake ya miaka yote hiyo ni kujua inangojaje. Nikaiona, kiduara cha zambarau.

"Wanyama umewajua," nikasema. "Na wewe? Chako kinangoja nini?"

Wasichana wanaojua Kiswahili wakainamisha vichwa.

"Mama, basi," akasema mwanangu.

Yeye hakupandisha sauti. "Changu kilitolewa, mama. Nilikuwa na uvimbe. Mwanao anajua. Nilitaka nikwambie tukiwa wawili."

Mkono wangu ulikuwa karibu na lile gurudumu. Nikalizungusha. Kioo kikalia kidogo, kama ukucha ukikatwa. Watu watasema mkono wa mzee ulitetemeka. Haukutetemeka.

Akakitoa, akakiinua kwenye mwanga. Ufa umepita katikati.

"Hakuna shida, mama," akasema, na midomo imemkauka.

Tulipofika Bidbid mwanangu akasimamisha gari, akanunua chai, asiinywe.

"Mama, mtoto ninaye. Sitaki mwingine. Namtaka yeye."

"Muoe. Mwanamume mzima, nani atakuzuia? Lakini radhi yangu huna. Na siku nikifa usiingie kaburini kunilaza. Atanilaza mtu baki."

Akaimwaga chai dirishani, tukarudi Ibra.

Hakumuoa. Hakuoa na mwingine. Nimemletea wasichana wanne, wa nyumba zinazojulikana, na kwa kila mmoja ananiambia, "Ahsante, mama," kama anayekataa sukari.

Yule mjukuu niliyemlea sasa amekua, anasoma chuo kikuu hukohuko Nizwa. Ijumaa moja tulikuwa tunakula, sote watatu, samaki na wali.

"Bibi," akasema, "kuna mwalimu wetu mmoja ana kioo kina ufa katikati, na ndicho anachotuonesha kila mwaka. Anatwambia tazameni pembeni ya ufa, mimba bado ipo."

"Kwa nini hakitupi?"

"Hana kingine cha namna ile. Tukamuuliza nani kakipasua. Akasema mgeni wake, mtu mzima, hakujua."

Mwanangu alikuwa anachambua miba. Hakuinua uso.

"Alijua," akasema.

Mtoto akamtazama baba yake, akanitazama mimi, mkono umesimama juu ya sahani. Nikamsogezea ndimu. Akala, na hakuna aliyemwambia mgeni huyo ni nani.