Kable ya Bichwa Mbili

Haya inanikamata mpaka sasa nikikutana na Papa Zuhura, na tuko majirani, donc inanikamata kila siku. Acheni niwaelezee miye mwenyewe, mbele hamujasikia kwa bengine, sababu hapa Butembo habari ikitoka ku avenue yetu, ikifika ku soko imeshaongezeka mikono na miguu.

Ku nyumba tuko na bwate moja, sanduku ya mashini ya kuchunga mapicha na mavideo. Ni nyeusi, nzito kama tofali, imezeeka kupita mutoto wangu Gloire, na ikiwaka inalia kama mutu anasaga mahindi. Inafungwa ku modem na kable, ile waya yake, na televizyo inakamata mavideo kupitia wifi. Ndani yake njo mulikuwa sauti ya mama yangu, ku video moja tu. Mama alikufa mwaka jana, na siku ya misa ya kumukumbuka, yaya yangu Kavira, dada yangu mukubwa, alisema atatoka Beni na familia yote, na kitu moja tu anataka: kusikia mama anasema.

Bon. Asubuhi ya ile siku, mbele ya kwenda ku misa, niliona modem na bwate binakula nafasi ku meza, na ile meza nilikuwa naitaka kwa masahani. Nikabihamisha. Ni hiyo tu. Nilitosha makable, nikapeleka bitu yote nyuma ya kabati, nikarudisha makable haraka haraka (padiri hangojake mutu), na nikaenda ku misa na roho safi.

Kurudi, batu makumi mbili mu salon, banakula, na yaya Kavira amekaa mbele kabisa ya televizyo, kitambaa mu mukono. Ninawasha. Televizyo inaandika kama hakuna réseau, ni kusema mutandao. Nikazima bwate, nikaiwasha, hakuna. Nikazima modem, nikaiwasha, hakuna. Nikapiga bwate kofi kidogo ku ubavu (usiniulize inasaidiaka nini). Mwisho nikaitia simu ndugu yetu Kasereka wa Mavivi, sababu yeye anajua mambo ya mamashini.

"Taa ya bwate iko na rangi gani?"

"Ya machungwa."

"Ile inasema kable haifike. Angalia kable."

"Nimeangalia." (Hapana. Niliangalia kabati. Kable ilikuwa nyuma yake.)

"Angalia tena, dada."

"Kasereka, nakuambia nimeangalia!" Nikamukatia simu.

Sasa batu bote bananiangalia, na miye, tangu nilitengeneza radio ya shangazi mara moja, familia bananiitaka Ingénieur. Ingénieur anaweza kusema hajue? Njo nikasema, na sauti ya juu, dirisha wazi:

"Ni Papa Zuhura."

Papa Zuhura ni muislamu, mwenye makamyo ya kuleta bitunguu toka Kirumba, na tunatumia naye wifi moja.

"Batu yake njo banaingia mu bwate yetu, bamefunga njia! Nilimupa neno ya siri na roho muzuri, angalieni sasa, anatuibia mpaka mama!"

Mpaka mama. Nilisema vile.

Kumbe Papa Zuhura alikuwa amesimama ku mulango na sinia ya pilau, bamepika kwake juu ya siku ya mama yetu.

"Hodi," akasema. Akaweka sinia chini. "Mama Gloire, naweza kuangalia?"

Akasogeza kabati, akainama, akakaa kule muda murefu, tunaona mugongo wake tu.

"Mama Gloire, hii kable iko na bichwa mbili."

"Ndiyo, Papa."

"Yote mbili iko mu modem."

Nikakamata sahani moja, nikaanza kuipangusa. Papa akaendelea:

"Miye niko mutu wa makamyo tu, hii mambo sijue. Lakini gari ikitoka Kirumba, ikarudia Kirumba, bitunguu haiwezi kufika Butembo."

Wa kwanza kucheka ni yaya Kavira, yeye na kitambaa yake ya machozi. Kisha salon yote. Miye niliangalia pilau.

Akatosha kichwa moja mu modem, akaifunga ku bwate. Taa ikageuka kijani, mama akatokea. Amesimama mu lupango ya nyumba na lungo ya kupepetea maharagi, ananikaripia niache kumupiga video, kisha anageukia upande wa jirani: "Mama Zuhura! Kuja uone wazimu ya huyu mutoto!" Na kule nyuma ya ukuta sauti ya mwanamuke inacheka, inajibu: "Nakuja, dada, nizime moto kwanza!"

Mama Zuhura, muke wa Papa Zuhura, alitangulia mama yetu kufa. Papa Zuhura alikuwa angali na mukono ku kabati. Akangoja mpaka video imalizike, kisha akaniuliza polepole, kama mutu anaomba maji ya kunywa:

"Mama Gloire, unaweza kurudisha pale?"

Nikarudisha. Nikarudisha tena, mara ine, mara tano.

Wakati wa kwenda nilimusindikiza mpaka inje. Nilikuwa nimepanga maneno mingi, ikatoka moja tu: "Papa, unisamehe."

"Imeisha," akasema. "Lakini neno ya siri usibadilishe."

Ile video nilimutumia ku simu yake siku ileile. Na tangu pale, kitu ikikataa mu nyumba yangu, ninafunga kinywa, ninasogeza kabati, ninainama miye mwenyewe. Jina ya mutu haitatoka tena mu kinywa yangu mbele mikono yangu haijagusa kable.