Amerika Kusini Iliyogeuzwa

Nikisikia watu wakisifu walimu wa zamani kwamba walikuwa wakali lakini waadilifu, damu inanichemka. Wangu alikuwa mkali tu. Alininyima somo nililolipenda kwa kosa alilolifanya yeye, na sijamsamehe, na sina haraka ya kumsamehe.

Ilikuwa miaka ya tisini, kidato cha pili, katika shule ya kutwa huko Kabras iliyozungukwa na miwa pande zote. Mwisho wa mwaka tulikuwa tunagawanywa: wa Jiografia na wa Historia. Ukipata chini ya nusu kwenye mtihani wa Jiografia, unakwenda Historia, na hakuna wa kumlilia. Mimi nilitaka Jiografia kuliko kitu kingine chochote.

Aliyenitia wazimu huo ni mwalimu wa mazoezi kutoka chuo cha ualimu, dada mmoja aliyekaa nasi muhula mmoja. Alituambia twende nyumbani tuangalie sufuria ya uji wa wimbi. Uji ukianza kupoa juu, utando unashika. Moto ukiendelea chini, utando unapasuka vipande, na vipande vinatembea: viwili vinaachana, viwili vinagongana na kujikunja, kimoja kinazama chini ya kingine. Dunia nayo, akasema, imefunikwa na mabamba ya mwamba, na chini yake kuna mwamba wa moto mkali unaojongea taratibu sana. Mabamba yanasogea kwa mwendo wa ukucha unaokua. Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja. Tazama pwani zake zinavyolingana. Halafu miamba ya huku inaendelea kule, na mifupa ya wanyama wa kale ambao wasingeweza kuvuka bahari imepatikana pande zote mbili. Bonde la Ufa ndipo bara letu lenyewe linapopasuka. Siku hiyo niliacha uji ukaungua nikiutazama, na mama akanisema mpaka jioni.

Dada yule akaondoka. Mtihani ukatungwa na mwalimu wetu wa kawaida, ambaye alifundisha kwa kutusomea daftari lake la chuoni. Ramani alizichora mwenyewe kwenye stensili, ile karatasi ya nta inayokwaruzwa kwa kalamu ya chuma kisha kuwekwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono. Afrika ilitoka vizuri. Amerika Kusini aliinakili kwa karatasi nyembamba, akailaza upande usio wake, ikatoka kinyume. Swali lilisema tukate mabara hayo mawili tuyabandike yalivyokuwa yameungana. Shule haikuwa na gundi, kwa hiyo kila mmoja alikuja na donge la obusuma, yaani ugali, uliopoa, kutoka nyumbani.

Niliweka Amerika Kusini pale, ikakataa. Lile bega la Brazili lilitazama magharibi. Jirani yangu wa dawati, aliyeona pia kuwa haiingii, alichukua wembe akachonga pwani yake kidogo kidogo mpaka ikaingia. Kilomita mia kadhaa za nchi za watu zilianguka chini ya dawati. Mimi niligeuza kipande, nikafuata kwa penseli wino uliopenya upande wa pili, nikakibandika. Kikaingia kwenye kwapa la Afrika bila kusukumwa. Chini nikaandika: "Ramani hii ilichapishwa kinyume."

Jirani alipata alama zote. Mimi nilipata sifuri kwenye swali hilo, na maneno mekundu: "Ameharibu karatasi ya mtihani." Nikaanguka chini ya nusu.

Mama aliacha palizi akaenda na mimi shuleni, viatu mkononi mpaka getini. Hakujua ramani, lakini alinijua mimi.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto hadanganyangi. Anasema hii kitu imegeuka. Hebu tuangalie pamoja."

"Mama, mtihani haubishanwi. Huyu anataka kunifundisha kazi."

"Mimi naomba tu uangalie."

Nikamfungulia mwalimu atlasi. Akaangalia atlasi, akaangalia karatasi yangu, akarudi kwenye atlasi. Kidole chake kilishuka polepole na pwani ya Brazili. Nilikiona kikisimama. Alijua, na uso wake ulijua.

Akafunga atlasi.

"Nikimpatia huyu alama, wale wengine wote nitawaambia nini? Majina yameshapelekwa kwa mkuu."

Mama alimshukuru kwa muda wake. Hilo nalo liliniudhi, jinsi alivyomshukuru kwa mikono miwili.  Njiani nilikuwa natetemeka kwa hasira, na yeye alidhani ni baridi, akanifunika kwa leso yake.

Januari nilianza Historia. Muhula wa pili, nikiwa nimetumwa chaki, nilipita mlango wa kidato cha pili kipindi cha Jiografia. Mwalimu yule alikuwa amechora mabara mawili ubaoni, makubwa, safi kabisa, Amerika Kusini ikiwa imekaa sawasawa. Akaniona mlangoni. Akageukia wanafunzi wake akawaambia waangalie vizuri upande wa lile bega, kwa sababu mwaka jana kuna mwanafunzi mmoja alikosea hapo.