Anayemrudufia Marehemu Mazoezi ya Kiingereza

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla kengele ya mabweni haijalia, Qi Fenglian anafungua mlango wa chumba cha kurudufu karatasi na kuiwasha mashine. Leo ni Jumamosi, siku ya mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza kwa kidato cha mwisho, na madarasa yote yanatakiwa kupata karatasi zao kabla ya uji.

Mashine inakohoa, kisha inaanza kutema karatasi. Fenglian anazigonga mezani zilingane, anazifunga kwa uzi darasa kwa darasa na kuzipanga kwenye kigari. Zinapotoka za mkondo wa tano, anachomoa moja, anaipuliza wino ukauke, anaikunja na kuitia ndani ya koti lake.

Mlinzi wa shule, Mzee Pang, anamletea chupa ya maji ya moto. Haingii. Anainyoosha chupa kutoka mlangoni, miguu yake ikiwa nje.

"Ya yule?" anauliza.

"Ya yule."

Mzee Pang anaitikia kwa kichwa na kuondoka. Zamani alikuwa akiingia, anakaa, anavuta sigara na kupiga soga mpaka kengele. Siku hizi anasema magoti yanamsumbua, ingawa magoti hayohayo humfikisha sokoni na kumrudisha kila siku.

"Yule" ni Ran Qiuyue, msichana wa mkondo wa tano aliyefariki dunia majira ya baridi ya mwaka jana, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, wenzake wakiwa bado hawajaingia kidato cha mwisho.

Fenglian ana miaka hamsini na minne. Aliingia chumba hiki akiwa bado na nywele nyeusi, na mshahara wake sasa ni yuan elfu mbili na mia tatu kwa mwezi. Karatasi za Kiingereza alizozirudufu zingeweza kufunika mji wetu wote mdogo pamoja na mashamba yake ya ngano, lakini Kiingereza chenyewe hakijui.

"Najua A, B, C na D," anasema huku akicheka. "Na hizo nazijua kwa sababu wino ukififia, ndizo watoto wanazokuja kunigombeza nazo. Wananiambia, 'Shangazi, leo umetuachia C peke yake, tuchague nini?'"

Qiuyue alikuwa mmoja wa hao wagombezi. Hesabu alizimudu vizuri, lakini vifungu vya ufahamu vilimtoa jasho. Alisoma polepole, neno kwa neno, na kila mara muda ulimwishia kabla hajakifikia kifungu cha mwisho. Siku nyingine alikuja kuomba karatasi ya pili ili arudie upya, na Fenglian akampa.

Kisha homa ya uti wa mgongo ikamkamata. Hospitalini, siku alipopata nafuu kidogo, aliomba aletewe zoezi la wiki ile. Mama yake, Dou Cuiping, ambaye sokoni kwetu kila mtu humwita Mama Qiuyue na ndiye anayeuza tofu ya maharage ya soya karibu na duka la mbegu, alimletea. Mtoto akaanza kusoma. Alipofika nusu, mama alimwona amechoka, akamnyang'anya kalamu na kumwambia atamalizia akipona. Hakupona.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sitajifanya naujua. Nitaeleza yaliyotokea shuleni baada ya mazishi, kama nilivyosimuliwa na watu ambao sioni faida yao ya kunidanganya.

Shule ilipofunguliwa baada ya mwaka mpya, karatasi za Kiingereza za mkondo wa tano zilianza kupungua. Kila Jumamosi, mwanafunzi wa kiti cha nyuma kabisa, katika safu aliyokuwa akikaa Qiuyue, alikuja mbio kwenye chumba cha kurudufu na kusema, "Shangazi, imepungua moja." Karatasi hupitishwa kutoka mbele kwenda nyuma, kila mtu anachukua yake. Zote zilikuwa zimehesabiwa. Wa mbele walichukua moja moja, wa katikati moja moja, na wa nyuma akabaki mikono mitupu.

Fenglian alidhani ni mashine. Akahesabu mara mbili, akamwita Mzee Pang ahesabu naye. Bado ikapungua. Ya hesabu haikupungua, wala ya kemia. Ni ya Kiingereza tu.

"Hapo ndipo Pang alipoanza kuumwa magoti," anasema.

Siku ya kufagia makaburi ilipofika, mwanzoni mwa mwezi wa nne, watu wanapowachomea wafu wao vitu vya karatasi ili viwafikie, Mama Qiuyue alikuja chumbani humo mara ya kwanza. Alisimama penye kizingiti na ndoo yake ya tofu mkononi, kama mtu aliyekuja kuuza. Fenglian anayakumbuka maneno yake yote.

"Dada, nimemchomea pesa za karatasi. Nimemchomea nguo, nimemchomea nyumba ya ghorofa. Muuzaji akaniambia nichome na simu, nikamwambia hana muda wa kucheza. Sioni kama kuna kinachomfikia. Mtoto huyu hakuwahi kuniomba pesa. Aliniomba karatasi ile ya Kiingereza, na mimi nikamkatiza kabla hajaimaliza."

Fenglian alimpa zoezi la wiki hiyo. Mama Qiuyue akalipeleka kaburini, katikati ya ngano, akalichoma.

Jumamosi iliyofuata, mkondo wa tano ulipata karatasi kamili. Na iliyofuata hali kadhalika. Tangu siku hiyo haijapungua tena, mradi tu Fenglian achomoe moja kabla hajafunga uzi. Aliwahi kusahau mara moja, akiwa na mafua. Yule wa kiti cha nyuma akaja mbio.

Ukimuuliza kama haogopi, hazungushi maneno. "Naogopa. Lakini si woga wa kukimbia. Mtoto anadai karatasi yake, huyo ni mwanafunzi mwema. Ninaowaogopa mimi ni wale walio hai wanaozitupa."

Mambo yalitulia mpaka majira ya vuli. Ndipo Mama Qiuyue alipoanza kuota. Ndoto ilikuwa moja, kila Jumamosi baada ya kuchoma. Qiuyue ameketi kwenye meza ya jikoni, amempa mama yake mgongo, na karatasi zimelundikana mbele yake hadi kufikia mabega. Hageuki. Anasema tu, kwa sauti yake ya kawaida, "Mama, nimemaliza. Mbona hakuna anayenisahihishia?"

Mama alianza kukonda. Tofu yake ikawa inanuka kuungua, na wateja wakahamia kwa jirani. Siku moja alimwambia Fenglian, kwa utulivu uliomtisha mwenzake kuliko kilio, kwamba labda ingekuwa rahisi akamfuata mtoto huko aliko, wakae wawili mezani.

"Nilirudi nyumbani nikakaa na chakula mbele yangu mpaka kikapoa," Fenglian anasema. "Nikajiuliza, huyu mtoto anashikiliwa na nini? Mbona haendi zake? Kisha nikaitazama mikono yangu. Mimi ndiye niliyemfungia."

Mazoea yana taabu. Katika shule hii, kama katika shule nyingi za huku kwetu, majibu hurudufiwa kwenye karatasi ya peke yake. Yakitoka tu, Fenglian huyatenga na maswali na kuyapeleka kwa mwalimu, naye huyafungia kabatini ili wanafunzi wasinakili. Ameyatenga hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na mkono wake hauulizi tena. Kwa hiyo miezi yote ile, wiki baada ya wiki, alikuwa akimpelekea marehemu maswali matupu.

Aliyekuwa na ufunguo wa kabati ni Mwalimu Geng, ambaye vifungu vingi vya mazoezi hayo huvitunga mwenyewe. Ni mtu wa sheria, mrefu, mwenye kifua kibovu na maneno machache. Fenglian alikwenda ofisini kwake akamweleza yote, tangu karatasi zilizopungua hadi ndoto. Mwalimu alisikiliza huku akiendelea kusahihisha. Alipomaliza kusikiliza, alikataa.

Si kwamba alimcheka. Alisema tu kwamba yeye hampi mwanafunzi majibu matupu, awe nani. Mwanafunzi akipewa majibu bila maelezo hatajua alikosea wapi, na wiki ijayo atakosea palepale.

"Mwalimu, huyu amekufa," Fenglian alimwambia.

"Hata hivyo," akajibu Mwalimu Geng.

Fenglian alitoka akiwa amekasirika kiasi cha kutaka kuivunja mashine. Lakini wiki ya kufagia makaburi ya mwaka huu, Jumapili mchana, mtu alibisha mlango wa Mama Qiuyue. Alikuwa Mwalimu Geng, amevaa koti lake la kufundishia, na mkoba wake umetuna karatasi. Akauliza kaburi liko upande gani.

Walikwenda watatu: mwalimu, mama na Fenglian. Ngano ilikuwa imefika magotini. Mwalimu hakuchoma kitu. Alisimama mbele ya kaburi kama anavyosimama mbele ya darasa, akatoa zoezi la kwanza na kuanza kulieleza. Alisoma kifungu kwa Kiingereza, akakifasiri, akataja jibu na kusema kwa nini ni hilo na si lingine. Kila alipomaliza kifungu kimoja aliuliza kama kuna swali, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea. Mama Qiuyue ndiye aliyekuwa akizichoma karatasi alizomaliza, moja baada ya nyingine, maswali pamoja na majibu yake.

Walifika kwenye kifungu kimoja ambacho mwalimu alikitunga mwenyewe. Kinahusu mzee anayeishi peke yake karibu na reli. Kila jioni mtu humbishia mlango, naye hafungui. Swali linauliza kwa nini hafungui. Mwalimu alisoma chaguo zote nne, akauliza kama kuna swali, akanyamaza.

Kisha akageuza kichwa kidogo, upande wa kushoto, akasema, "Hapana, si B. Rudi aya ya pili."

Hakuna aliyekuwa amesema kitu. Fenglian anaapa hilo, na Mama Qiuyue naye anaapa. Walitazamana. Fenglian anasema Mama Qiuyue, badala ya kuogopa, alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwalimu aliendelea kama kawaida. B inasema kwamba mzee anaogopa. Si kweli, akaeleza. Mzee anamjua anayebisha, na anampenda. Hafungui kwa sababu mgeni ana safari mbele yake, na mlango ukifunguliwa atachelewa. Yote yamo katika aya ya pili, kwa anayesoma bila haraka.

Mama Qiuyue alisimama na karatasi ile mkononi kwa muda mrefu. Wenzake walidhani amekataa kuichoma. Mwishowe akaiweka motoni.

Nilimtafuta Mwalimu Geng ofisini kwake. Aliniambia lile swali lina mtego, na kila mwaka kuna anayechagua B. Nikamuuliza moja kwa moja: siku ile kaburini, kuna mtu aliyechagua B? Alisahihisha karatasi mbili bila kunitazama.

"Mimi sifundishi wafu," akasema. "Lakini mwalimu akiulizwa, anajibu."

Nilitoka ofisini na kugundua kwamba nimeacha mwavuli wangu ndani, na nakiri kwamba sikurudi kuuchukua siku hiyo.

Tangu Jumapili ile Mama Qiuyue hajaota. Tofu yake imerudia weupe wake, na wateja wameanza kurudi. Kila Jumamosi bado anakuja kuchukua karatasi, sasa ikiwa na majibu yake ndani na maelezo aliyoyaandika Mwalimu Geng, kwa sababu mkondo wa tano bado unafanya mazoezi mpaka mwezi wa sita, na mtoto hawezi kuachwa nyuma zikiwa zimebaki wiki chache. Baada ya mtihani wa taifa, anasema, hatachoma tena. Amesema hivyo mbele ya Fenglian na mbele ya kaburi.

Fenglian naye hatakuwa na cha kumpa. Baada ya likizo ya kiangazi, mazoezi yatahamia kwenye vishikwambi, na yeye atapelekwa jikoni kukata kabichi. Halalamiki sana. Anasema kabichi haina majibu ya kufungia kabatini.

Kwa sasa anashona. Kwetu, asubuhi ya mtihani, kina mama husimama kwenye lango la shule wamevaa magauni mekundu ya kubana ili watoto wapate bahati. Mama Qiuyue ameomba asimame pamoja nao. Alipolitaja jambo hilo sokoni, baadhi ya wanawake waliinamisha macho, na mmoja akanong'ona kwamba ni kisirani, atawaharibia watoto wao. Fenglian akamwambia huyo mnong'onaji kwamba na yeye mwenyewe atavaa jekundu, na tumbo lake lote lile, ili kisirani kisijue kimwangukie nani.

Mpango wao ni kumpitia Qiuyue kaburini asubuhi na mapema, wamwite jina, watembee naye mpaka langoni. Wataingia wanaofanya mtihani. Wao watasubiri nje mpaka kengele ya somo la mwisho, ambalo ni Kiingereza.

Nilimuuliza Fenglian anachotumaini kukiona pale, milango itakapofunguliwa na watoto wote kukimbilia kwa mama zao. Alikata uzi kwa meno, akalinyoosha gauni jekundu mapajani.

"Tutakwenda watatu," akasema. "Naomba turudi wawili."