Nilivyolala Kabla ya Mgonjwa Wangu

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzee huu nikiwa bado kazini, na anayenivumilia hata ninapojiaibisha.

Mimi ni muuguzi wa kuwalaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji, hapa Bujumbura. Juzi mwenzangu Espérance alimwomba mkurugenzi atuongezee siku moja ya kupumzika kila juma, maana tumechoka. Nikamkatiza mbele ya wote: "Vijana wa leo! Mi sichoki. Mungu ananipa nguvu." Mkurugenzi akafurahi, akaahirisha jibu.

Kesho yake alikuja kututazama kazini. Mzee mmoja wa mtaa wa Mutakura alikuwa amejinyoosha mezani akisubiri sindano yangu. Kama ilivyo desturi yangu, nilimshika mkono, nikafumba macho, nikamwombea. Nilifika "Bwana, mpe usingizi mtulivu," na Bwana akanipa mimi.

Niliamshwa na mgonjwa akinitikisa. "Mama, amina iko wapi? Nani wa kulalishwa hapa, mi ao we?"

Espérance alicheka mpaka barakoa ikamshuka. Mkurugenzi alikuwa ameshatoa kalamu. "Mama Joséphine," akasema, "siku yako ya kupumzika inaanza leo. Espérance, shika sindano. Siku yako ni kesho."

Wewe unayesoma, Mungu akupe kazi unayoipenda, na usingizi uukute kitandani kwako.