Gundi ya Jino na Gundi ya Kola

Shangazi yangu, fundi cherehani, alicheka miaka arobaini akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana. Katika picha zote za ukoo yumo, lakini kinachoonekana ni mkono. Nilikuwa nakereka! Mtu anavunja mbavu duka zima, halafu yeye mwenyewe anacheka kwa kujificha.

Binti yake alipochumbiwa, Shangazi akatangaza: "Siku ya harusi nitacheka mikono ikiwa chini." Akaenda kufungwa vyuma vya meno. Mwaka na nusu alivivumilia. Uzi, ambao siku zote aliukata kwa meno, akaanza kuukata kwa mkasi, na kila akiushika huo mkasi alisonya.

Ikabaki wiki moja. Daktari wa meno, mwanamke mpole asiyeyumbishwa, akamwambia vyuma vinahitaji wiki sita zaidi.

"Harusi ni Jumamosi, daktari!"

"Meno hayajui Jumamosi, mama."

Akarudi dukani amenuna. Sasa sikieni kosa ambalo ni fundi wa nguo tu angelifanya. Ndani ya kola ya shati kuna kitambaa kigumu chenye gundi. Ukikibandika vibaya unakipasha kwa pasi, gundi inalegea, unakibandua. Shangazi akaamua kwamba gundi ni gundi, iwe ya kola au ile inayoshika vyuma kwenye meno. Kesho yake nikamkuta nyuma ya cherehani amejaza chai ya moto mdomoni, mashavu yametuna, machozi yanamchuruzika, na mkononi ana koleo ya kutengenezea zipu.

"Shangazi, unafanya nini?"

Akaniashiria ninyamaze. Akameza chai, akabana kibati cha chuma kilichogandishwa kwenye jino la mbele, akavuta.

"Unaona? Imeachia!"

Imeachia wapi! Nyuma ya kile kibati kulikuwa na kipande cheupe kama ganda la yai, na kwenye jino kulikuwa na kishimo cha manjano. Akavuta pumzi, upepo ukaligonga jino, akaruka hadi goti likagonga meza.

Nilimburuta kwa daktari huku nikimfokea njia nzima, na radhi simwombi. Daktari akakigeuzageuza kile kipande.

"Mama, hili ni gamba la jino lako. Gundi hii imeling'ang'ania kuliko unavyodhani. Hata sisi wenye vifaa tunatoa kibati taratibu, kisha tunasugua gundi kidogo kidogo, na bado tunaogopa kukwaruza. Gamba likishabanduka halioti tena."

Daktari akapaka dawa, akaahidi kulijaza jino baada ya harusi likishatulia, na vyuma vingine akaviacha palepale. Tulipotoka nje, Shangazi akasimama ukutani akaanza kulia.

"Nilitaka mwanangu abaki na picha moja tu ya mama yake anacheka," alisema. Hasira zikaniisha zote.

Jumamosi ikafika, na mkono ukarudi mdomoni.

"Mama wa bibi harusi, mkono chini!" alipaza sauti mpiga picha.

"Piga hivyohivyo."

Shati la bwana harusi alilishona Shangazi wiki ileile, jino likimvuta, akili haipo, pasi haijapata moto sawasawa. Jasho likamtoka mkwe. Gundi ikaachia, na upande mmoja wa kola ukainama kama sikio la mbuzi. Shangazi akaukimbilia kwa mikono yote miwili.

"Jamani! Ya jino imeng'ang'ania mpaka imeondoka na jino, hii ya kola inamwachia mkwe wangu mbele ya watu!"

Akaangua kicheko kilichomfanya hata mkwe ashike tumbo. Mpiga picha akabonyeza.

Jino lilishajazwa, na vyuma vilitoka kwa wakati wake, kwa mikono ya daktari. Shangazi akataka wapige picha nyingine, nzuri, ya kutundika dukani. Binti akakataa katakata.

"Hii hii, mama."

Ndiyo iliyopo ukutani. Vyuma vinang'aa, kishimo kinaonekana, na mikono yote miwili iko kwenye kola ya mkwe.