Picha ya Msaula

Sikufundishwa kuchora na mtu. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha mawe na mihogo, na nilipoolewa Igowole nilifika nikitetemeka kwa baridi kama kuku aliyenyeshewa. Ukungu ule! Asubuhi huoni hata choo kilipo. Mashemeji waliniita "mtu wa sato", nami nikawaita watu wa ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, tukaenda hivyo.

Nilianza na rangi za mafuta zilizobaki tulipopaka milango, juu ya vipande vya silingi bodi. Nilichora miti, maana ndiyo iliyonishangaza. Si paina, hiyo ukichora mmoja umechora yote. Nilichora miti ya asili, hasa msaula ulio nyuma ya nyumba ya mama mkwe, mzee, umepinda kiuno, watoto wanaokota matunda chini yake. Niliupenda mti ule, sina haja ya kuficha.

Mwaka jana shemeji mkubwa akaamua ukatwe, shamba lote liwe paina za kuuza mbao. Mke wa mdogo hasimami kubishana na kaka mtu, hilo nalijua. Nikaona nitasema kwa brashi. Rangi ya gome ilinihangaisha, nikachanganya hadi masizi ya jikoni. Picha ilipokauka nikampelekea mama mkwe mbele ya wanawe, walipokuwa wakinywa chai wakimsubiri mwenye msumeno wa mashine.

Wakaisifu kwelikweli. Shemeji mkubwa akaiinua kwenye mwanga, akacheka kwa furaha.

"Shemeji, umetusaidia! Sasa kumbukumbu si tunayo? Tukate bila wasiwasi."

Kumbe nilikuwa nimeuchongea mti kwa mkono wangu mwenyewe! Nilitaka kulia, nikajishughulisha na birika.

Mama mkwe aliinuka. Aliichukua ile picha, akalipapasa gome kwa kidole, akaiegemeza juu ya meza ndogo, palepale tulipoiweka picha ya marehemu baba mkwe siku ya msiba wake. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Haya, na mimi nipigeni picha. Mkishapata kumbukumbu, mkanizike leo leo."

Hakuna aliyemaliza chai yake. Mwenye msumeno alipobisha hodi, shemeji mkubwa mwenyewe ndiye aliyetoka kumwambia kwamba kazi haipo.