Kitabu Tulichokigawa Vipande Vitatu

Kitabu kile kilinuka mafuta ya taa. Binamu yangu Boni, aliyekuwa akisomea uchomeleaji kule chuo cha Sigalagala, alikinunua mjini Kakamega kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini, akakitia mfuko mmoja na chupa ya mafuta aliyoagizwa na Kukhu, nyanya yetu. Chupa ikavuja njiani. Alipofika kwetu, upande wa Butere, kurasa zilikuwa zimelowa pembeni na Kukhu akamtolea maneno, si kwa sababu ya kitabu bali kwa sababu ya mafuta. Tulikianika uani juu ya mahindi, kikakauka, lakini harufu haikutoka. Jalada halikuwepo wala kurasa za mwanzo mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilikuwa darasa la nane, mdogo wangu Ayuma alikuwa la sita, na mama alikuwa Saudia.

Mama alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia kwenda kufanya kazi za nyumbani. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na miwa ya Kukhu ilikuwa imekaa shambani mpaka ikaanza kukauka, ikisubiri lori ambalo kila wiki tuliambiwa liko njiani. Mama alituahidi miaka miwili. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, kwenye kabambe ya Kukhu, kisimu chake cha vitufe, na sauti yake ilikuwa na mwangwi kwa sababu alipigia bafuni, mahali pekee alipoachwa peke yake. Kufikia likizo ile alikuwa ameanza kuruka Jumapili. Kijijini kulikuwa na wanawake wengine waliokwenda wakanyamaza kabisa, na majirani walipomuuliza Kukhu habari za mama waliuliza kwa sauti ya matangani. Mimi na Ayuma tulitaka kujua jambo moja tu: kama atarudi, na akirudi kama bado atakuwa wetu. Hatukulisema. Tulipukuchua mahindi, tukachota maji, tukalala.

Kitabu kilikuwa kinene na gundi ya mgongoni ilikuwa imeachia. Sote watatu tulikitaka kwa wakati mmoja, tukavutana mpaka Kukhu akatishia kukiwashia moto wa jikoni. Boni akachukua kisu, akakikata vipande vitatu kama anavyokata muwa. Cha mwanzo kikawa chake, cha katikati cha Ayuma, cha mwisho changu. Tungesoma, tukutane Jumapili alasiri jikoni, kila mtu atoe maoni yake, kisha tubadilishane. Akaweka na sheria, maana Boni alipenda sheria kuliko mwalimu mkuu: toa maoni, usitoboe kilichotokea. Mtihani huo mgumu jamani! Ujaribu kusema kwa nini umekasirika na hutakiwi kusema aliyekukasirisha amefanya nini. Ayuma alikuwa akifumba mdomo kwa mikono yote miwili ili neno lisimponyoke.

Kukhu ndiye aliyeivunja sheria. Hakusoma Kiingereza na hakuwa tayari kukaa jikoni mwake mwenyewe akisikiliza watu wakibishana juu ya mambo asiyoyajua. Alisema tunampa mchuzi bila obusuma, yaani ugali. Basi Boni akamsimulia. Ni nchi ambayo jua liliacha kuchomoza. Mwanamke mmoja, Tarida, mama wa wasichana wawili, anajitolea kuvuka milima ya barafu akalete moto upande wa pili. Njiani kuna milango mitano, na kila mlango una mlinzi. Mlinzi hataki fedha wala dhahabu. Anataka kumbukumbu moja, na akishaichukua hairudi tena.

Maoni ya Boni yalikuwa ya fundi. Mlango wa chuma haukai kwenye barafu namna ile, alisema, bawaba zingeshika kutu mwezi wa kwanza, mwandishi hajui kazi. Kukhu alimngoja amalize, akauliza, "Na hao wasichana wanapikiwanga na nani?" Boni akafunua kurasa. Akasema kuna nyanya yao, ametajwa hapa, mara moja. "Mara moja!" Kukhu akaacha gunzi likaanguka. "Basi aliyeandika hicho kitabu hajawahi kulea mtoto wa mtu. Huyo mama yao ana milango mitano, na huyu aliyebaki na watoto hana hata mmoja?" Alasiri yote alipukuchua kwa hasira, punje zikiruka hadi mlangoni, na sisi tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Leo sicheki. Nikilikumbuka swali lile huwa nakaa chini kwanza.

Ayuma alikichukua kitabu kwa namna nyingine. Kipande chake ndicho kilichokuwa na milango yenyewe, na alikisoma amejikunja nyuma ya pipa la maji hata akiitwa hasikii. Maoni yake yalikuwa kwamba Tarida ana akili nyingi, kwa sababu anatoa vitu vidogo kwanza: harufu ya mvua, ladha ya viazi, jina la ng'ombe. Wasichana wake amewaficha nyuma kabisa. Boni alimwambia hayo si maoni, ametoboa, na wakagombana. Mimi nilimtazama tu. Sikujua mawazo yake yalikuwa yanaelekea wapi mpaka mama alipopiga simu.

Jumapili hiyo Ayuma alipopewa simu hakusalimia vizuri. Aliuliza, "Mama, ng'ombe wetu anaitwa nani?" Mama alicheka, akasema, si ni Sukari? Ayuma akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akampa Kukhu simu. Jumapili iliyofuata mama hakupiga. Iliyofuata alipiga, sauti imekwaruza, na Ayuma akamuuliza, "Kovu langu la panga liko goti gani?" Halafu mama akasema, "La kulia. Ayuma, mama nimechoka leo, wape wengine simu." Ni goti la kushoto. Hata mimi ningekosea, wallahi, nani anakumbuka goti? Lakini Ayuma aliiacha simu kwenye kigoda, akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta amesimama kando ya miwa, ameshika goti lake. Aliniambia kwa utulivu ulionitisha, "Mama amefika mlango wa tatu."

Sasa mnielewe nilikuwa wapi. Kipande cha mwisho kilikuwa kwangu na nilikuwa nimekwisha kukisoma chote, nyuma ya ghala, mchana mmoja ambao hata chakula sikukumbuka. Nilijua kwamba mlinzi wa mlango wa tano alichukua kumbukumbu ya wale wasichana. Nilijua kwamba Tarida alirudi na moto, akawasha taa nyumba baada ya nyumba, watu wakimwimbia, mpaka akafika nyumba yake mwenyewe. Wasichana walimtambua. Walisimama wakamtazama, wakampa maji kama mgeni. Akanywa, akashukuru, akawasha taa yao, akaenda nyumba ya pili. Kikaisha. Hakuna hata ukurasa mmoja zaidi, nilitafuta. Na zamu ya Ayuma kukisoma ilikuwa Jumapili ile iliyokuwa inakuja.

Nilimwendea Boni kwanza. Alikuwa anatengeneza baiskeli ya jirani, hakuinua hata uso. "Si ni hadithi tu, wewe. Dunia yenyewe haina jua." Nikaenda jikoni kwa Kukhu nikamwambia kitabu kinaishaje na Ayuma anawaza nini. Nilitaka aseme kitupwe motoni. Ningekitupa mwenyewe, kwa furaha. Aliendelea kusonga obusuma bila kugeuka, mwiko ukigonga sufuria, nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Ukimficha, atajitungia mwisho mbaya zaidi. Lakini asisome peke yake huko nyuma ya pipa. Mtasoma hapa."

Basi nikasoma, Jumapili alasiri, kwa Kiswahili nilichokitafsiri papo kwa papo, nikijikwaa, maana Kiingereza changu cha darasa la nane kilikuwa na mashimo. Mama hakuwa amepiga siku hiyo. Kukhu aliacha mahindi. Boni naye akajifanya anatafuta spana mlangoni, akabaki pale pale. Nilipofika kwenye yale maji ya kunywa, nililazimika kuanza sentensi upya. Nilipomaliza sikuthubutu kumtazama Ayuma. Nilitazama kurasa.

Hakulia. Alikuwa amekasirika, na si kidogo, masikio yamemsimama. Alisema, "Hao wasichana ni wajinga!" Boni akashangaa, akauliza wasichana wamefanya nini sasa. "Hawakufanya kitu! Yeye alisahau, lakini wao hawakusahau. Walikuwa wanamjua. Kwa nini hawakumwambia? Unampa mama yako maji halafu unamwacha aende? Si umwambie, wewe ni mama yetu, jina lako ni fulani, sisi ni fulani na fulani. Akikataa, umwambie tena kesho." Alinyakua kile kipande mikononi mwangu akakitazama ukurasa wa mwisho, kana kwamba angewakuta bado wamesimama pale mlangoni. Kukhu alisema neno moja tu, "Ehe," kwa sauti ya chini, akarudia mahindi yake. Katika miaka yangu yote ya kusoma sijasikia maoni juu ya kitabu yaliyonishika namna hiyo.

Mama alipopiga tena, Ayuma alimnyang'anya Kukhu simu kabla hata ya salamu. Hakuuliza swali. Alimweleza mama kila kitu. Kwamba ng'ombe ni Sukari na amezaa. Kwamba kovu ni goti la kushoto, ni yeye mama aliyelifunga kwa kitambaa cha kichwa, kile cha maua ya njano, na kwamba alilia kuliko aliyeumia. Kwamba yeye Ayuma anapenda uji usio na sukari. Kwamba mimi naimba alto na ninakoroma, uongo mtupu. Alisema mpaka akakaukiwa na mate, na upande wa pili hatukusikia kitu ila ule mwangwi wa bafuni. Kisha tukasikia mama analia, akijaribu kujizuia ili huko nje wasimsikie. "Endelea," akasema. "Niambie tena." Ayuma akaanza upya, na ng'ombe.

Mama alirudi, nikiwa kidato cha tatu. Miaka miwili ilikuwa imezaa mingine. Alishuka na sanduku moja na miguu iliyovimba, akanikumbatia mimi akiniita Ayuma, kwa sababu tulikuwa tumekua na yeye alituacha wadogo. Ayuma alikuwa nyuma yangu. Akasema haraka, "Mimi ndiye Ayuma, mama, huyo ni mkubwa wako," na wote wakacheka, mama akacheka zaidi ya wote. Sasa anauza nguo sokoni Butere. Ya huko hasemi, nasi hatumuulizi. Kukhu tulimzika miaka kadhaa iliyopita.

Mimi nafanya kazi mjini Kakamega, ofisi moja yenye foleni ndefu na kompyuta zinazogoma, na jioni nikifika nyumbani sina hata nguvu ya kuvua viatu. Nimo kwenye kundi la wasomaji la simu. Tunasoma riwaya za mazimwi, za roboti, za watu wanaohamia sayari nyingine, kisha kila mtu anaandika maoni. Nimechoka nayo, sikatai. Nyota nne kwa tano. Mwanzo umejikokota. Dunia ameijenga vizuri. Nami huandika hivyo hivyo, kwa kidole kimoja, nikingoja wali uive. Majuzi tulisoma moja ya nahodha mwanamke anayeacha watoto duniani akaenda kwenye nyota, na wenzangu wakabishana siku tatu kuhusu injini ya chombo chake. Nilianza kuandika kitu kuhusu wale watoto, nikakifuta. Nani angenielewa, na nani ana muda?

Ayuma hasomi tena riwaya. Yuko Uingereza, anahudumia wazee, huu ni mwaka wa tatu, na binti yake Neema, mwenye miaka sita, anaishi kwangu. Nampikia, namwogesha, naenda mikutano ya shule, natia sahihi pale panapoandikwa mzazi. Ni mtoto mzuri. Ananiita mama, nimejaribu kumrekebisha nikachoka. Simu sasa zina picha, hakuna anayejificha bafuni, hakuna kadi inayokwisha katikati ya neno. Tunaonana kila siku tukitaka. Ningedhani mambo yangekuwa mepesi kuliko wakati wa kabambe ya Kukhu.

Jumapili iliyopita Ayuma alipiga saa moja jioni, ametoka zamu, bado amevaa sare, macho mekundu. Neema alikuwa kwenye kochi akitazama katuni. Niliziba kipaza sauti cha simu kwa kidole nikamwita aje amsalimie mama yake, akatikisa kichwa. Nikamwita tena, kwa ukali, akasema polepole, "Kesho." Upande wa pili Ayuma akauliza, "Yuko wapi?" Nilikuwa nayo maneno ya kumwambia huyu mtoto, nayajua tangu darasa la nane, na aliyenifunza ndiye huyu aliyekuwa amesogeza uso wake karibu na kioo akijaribu kuona nyuma ya bega langu. Ningeweza kumshika Neema mkono nikamketisha pale mbele. Lakini mtoto angelia, na Ayuma angelala na kilio hicho, na kesho ana zamu ya asubuhi. Na mimi nilikuwa nimechoka.

"Amekula vizuri," nikamwambia. "Amelala."

Ayuma akasema haya, asante dada, mbusu kwa niaba yangu. Neema alikuwa ameipa katuni mgongo, ananitazama mdomoni.